Kufuli nimelifunga, lakini moyo unaniambia rudi

"Shikamoo daktari. Nina miaka 36, nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nyumbani kwangu ni Ujiji. Jioni nikifunga kibanda nalitikisa kufuli mara tatu. Nikishapanda bodaboda moyo unaniambia sikufunga, namwomba kijana ageuze. Wiki iliyopita nimegeuza siku nne kati ya sita, na siku moja nilirudi mara mbili. Kila nikirudi nalikuta limefungwa. Si hilo tu. Mteja wa kwanza asubuhi akija kutoa pesa badala ya kuweka, namdanganya kwamba mtandao unasumbua, kwa sababu siku ikianza kwa kutoa, pesa yote hutoka. Kitenge nilichovaa siku niliyotapeliwa 350,000 na mteja, mchana kweupe, sijakigusa tena tangu mwaka jana. Mwanangu akiruka miguu yangu nimekaa mkekani, lazima arudi aruke tena. Na nikiwa kwenye boti ya kwenda kwetu Kagunga, nikishika simu huku natazama maji, linanijia wazo la kuitupa ziwani, mpaka naificha mkobani. Mume wangu anacheka, anasema uchizi ndiyo unaanza hivyo. Shangazi anasema nimetupiwa kitu, na anamjua mtu wa kunisafisha. Mimi mwenyewe najua ni upuuzi, nimesoma hadi kidato cha nne, lakini nashindwa kuacha. Je, naumwa?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua unalisubiri: katika haya uliyoandika sioni dalili ya uchizi anaousema mumeo. Huo mara nyingi huja na mtu kusikia sauti wasizozisikia wenzake, au kushikilia jambo lisilokuwepo bila chembe ya shaka. Wewe shida yako ni shaka iliyozidi. Unajua kufuli limefungwa, unajua kitenge hakina kosa, na bado mwili unakataa kukubaliana na kichwa.

Lakini sitakwambia kwamba huna lolote. Umeniletea mambo matano kwenye kapu moja, na wewe, mumeo na shangazi yenu wote mmeyahesabu kuwa jambo moja. Tuyatenganishe. Mawili ni ya kucheka tu. Moja linakula hela yako. Moja ni woga uliobaki kwenye nguo. Na moja, hilo la kufuli, ndilo la kushughulikia sasa hivi, kabla halijaota mizizi.

La miguu silo la kukukosesha usingizi. Mimi nimekulia Ujiji, nimerudishwa kuruka miguu ya shangazi zangu mara zisizohesabika, na sijawahi kusikia mtu akipelekwa hospitali kwa sababu hiyo. Mambo ya namna hii tumerithi mengi: usifagie usiku utafukuza riziki, usipige mluzi gizani, usiombe sindano jua likishazama. Ukiyatazama kwa mwanga wa kibatari, mengine yana akili yake. Anayefagia gizani anaweza kutupa nje hereni au sarafu, na sindano ikidondoka usiku huipati mpaka imchome mtoto. Umeme umekuja, sababu imeondoka, desturi imebaki imekaa sebuleni kama mgeni aliyesahau kuaga. Nikiri tu kwamba mpaka leo mtu akiniomba sindano saa mbili usiku mkono wangu unasita kidogo. Mtoto akirudi kuruka, mnacheka, maisha yanaendelea. Acha kama lilivyo.

La simu na ziwa limekutisha zaidi kuliko linavyostahili. Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wa kawaida wasio na ugonjwa wowote wa akili kama huwa wanapitiwa na mawazo ya ajabu wasiyoyataka: kumsukuma mtu, kupayuka tusi mahali pa heshima, kudhuru kitu wanachokipenda. Karibu wanane kati ya kumi walisema ndiyo. Wazo si nia. Akili ikiona kitu cha thamani kiko karibu na hatari, inapiga kelele "angalia, kinaweza kuanguka!", na wewe ukiisikia kelele hiyo unadhani ni tamaa yako. Ni mlinzi aliyezidisha bidii, basi. Unapoificha simu mkobani unamwambia yule mlinzi kwamba alikuwa sahihi, na safari ijayo atapiga kelele mapema zaidi. Ukipanda tena boti pale Kibirizi, ishike simu yako kama kawaida, wazo lije, lipite. Ziwa letu la Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, kwa hiyo akili yako haijakosea kuona kwamba huko simu haizamiwi. Imekosea tu kudhani kwamba wewe ndiye utakayeitupa.

Tuje kwa mteja wa kwanza. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kati ya 1915 na 1918, mtafiti mmoja mzaliwa wa Poland, Bronislaw Malinowski, aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, ambavyo sasa ni sehemu ya Papua New Guinea. Aliona jambo ambalo mvuvi wa kwetu Katonga au Kibirizi atalielewa haraka. Walipovua kwenye maji ya ndani yaliyotulia, ambako samaki walipatikana bila wasiwasi, hawakuwa na mizizi wala maneno ya kusema. Walipotoka bahari kuu, ambako unaweza kurudi na mtumbwi umejaa, ukarudi mtupu au usirudi kabisa, hapo ndipo taratibu za kujikinga zilipokuwa nyingi. Watu ni walewale, akili ni zilezile. Kilichobadilika ni kiasi cha mambo yaliyo nje ya uwezo wao.

Sasa tazama kazi yako. Mwenye mshahara anaijua tarehe 30 yake. Wewe hujui leo watakuja wangapi, hujui floti, ile pesa iliyo kwenye laini yako, itakwisha saa ngapi, hujui mtandao utakatika lini wala nani kati ya wanaosimama dirishani ni tapeli. Hiyo ni bahari kuu. Ningeshangaa kama usingekuwa na mwiko hata mmoja.

Na mwiko huo unavyojijenga ni hivi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye visanduku, chakula kikawa kinaletwa chenyewe kila baada ya muda fulani, njiwa afanye lolote au asifanye kitu. Kati ya njiwa wanane, sita walianzisha mambo yao. Mmoja akawa anajizungusha, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu, na kadhalika. Kila mmoja alirudia kile alichokuwa akifanya pale chakula kilipotokea, kana kwamba yeye ndiye aliyekileta. Siku moja uliyofungua kwa mtu wa kutoa, biashara ikadoda, akili yako ikafunga fundo. Siku nyingine zilizoanza hivyohivyo na zikaenda vizuri hazikuacha alama, kwa sababu nani hukumbuka siku nzuri ilianzaje?

Dada yangu, tofauti ya mwiko huu na ule wa miguu ni kwamba huu unalipiwa. Kila unayemrudisha kwa kisingizio cha mtandao anakwenda kibanda cha jirani, kamisheni inakwenda naye, na kesho huenda akaanzia kule moja kwa moja. Tena pengine ni mama aliyetumiwa hela ya dawa usiku, amedamka na jua. Halafu fikiria: anayetoa anakuachia floti kwenye laini na kuchukua keshi, anayeweka anakuachia keshi na kuchukua floti. Mtaji ni uleule, umehamia mfuko mwingine. Wewe wakala unalijua hilo kuliko mimi.

Sitaki uniamini mimi, liamini daftari lako. Chukua siku 30. Kila asubuhi andika mteja wa kwanza alikuja kutoa au kuweka, na umhudumie vyovyote alivyokuja. Jioni andika kamisheni ya siku. Usisome mpaka siku ya 30. Siku hiyo jumlisha makundi mawili, ugawe kwa idadi ya siku za kila kundi. Nadhani najua utakachokikuta, lakini hesabu iliyoandikwa kwa mkono wako itakwenda mbali kuliko dhana yangu.

Kitenge, na nikishakimaliza tutaingia kwenye kufuli, kwa sababu naona vimetokea mlango mmoja.

Mtafiti Paul Rozin na wenzake, mwaka 1986, waliwapa watu sukari safi na chupa mbili, wakawaambia wao wenyewe wabandike lebo: moja ya sukari, nyingine ya jina la sumu. Watu walijua fika kwamba zote ni sukari, lebo wamezibandika kwa vidole vyao, na bado wengi walisita kunywa kilichotiwa sukari ya chupa yenye jina la sumu. Kichwa kina sehemu inayosoma na sehemu inayohisi, na ile inayohisi haikwenda shule. Inachojua ni kwamba kitu kilichogusana na baya kimebeba baya. Kwa chakula kilichooza hiyo ni hekima, kwa kitenge ni hasara ya nguo.

Lakini tazama kilichotokea siku ile. Ulitapeliwa mchana kweupe, kibanda kikiwa wazi, wewe umekaa ndani. Aliyekuibia alipita dirishani kwa maneno. Kufuli halikuhusika hata kidogo! Na bado woga wa siku ile umekwenda kukaa kwenye nguo uliyovaa na kwenye chuma unachokifunga jioni, kwa sababu hivyo angalau unaweza kuvishika, kuvitikisa, kuvificha kabatini. Uongo wa mtu haushikiki. Sijui kama umewahi kukaa na mtu ukasimulia siku ile mwanzo mpaka mwisho. Barua yako imeipa nusu sentensi, na shilingi 350,000 kwa mwenye kibanda si nusu sentensi.

Sasa kufuli lenyewe. Unalifunga siku sita kwa wiki, mara zaidi ya 300 kwa mwaka, kwa mkono uleule, mlango uleule. Kumbukumbu ya jambo la kila siku haihifadhiwi kama kumbukumbu ya harusi. Akili inazilundika pamoja, kama noti za thamani moja. Ukiwa juu ya bodaboda ukajiuliza "leo nimefunga?", inakuletea picha ya kufuli, lakini haiwezi kukuhakikishia ni ya leo au ya Alhamisi iliyopita. Ukungu huo kila mtu anao. Mwenzako anasema "nitakuwa nimefunga" na anaendelea na safari. Wewe unausoma ukungu kuwa ni ushahidi kwamba hukufunga, kisha unageuza.

Na kugeuza ndiko kunakouongeza ukungu. Hili watu wengi hawaliamini mpaka waonyeshwe. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walitengeneza jiko la gesi kwenye kompyuta, wakawapa watu kazi ya kuliwasha, kulizima na kuhakiki kwamba limezimwa. Kundi moja lilihakiki jiko hilohilo mara 20, kundi jingine likahakiki kitu kingine. Mwishoni wote waliulizwa juu ya mara ya mwisho ya jiko. Usahihi wa majibu haukutofautiana sana. Lakini wale wa mara 20 walisema picha imefifia na hawaiamini tena kumbukumbu yao. Kwa hiyo kila unapolitikisa kufuli unaongeza noti nyingine inayofanana na zile za jana, na kuitambua ya leo kunazidi kuwa kugumu.

Juu ya hapo kuna nafuu. Ukirudi ukalikuta limefungwa, kifua kinashuka. Ile nafuu ndiyo mshahara wa woga wako, na mfanyakazi anayelipwa kila akija kazini, kesho ataacha kuja? Hukosi nguvu ya kujizuia, kama unavyodhani. Unamlipa vizuri mno.

Njia yenye ushahidi mkubwa wa kukomesha mzunguko huu inajulikana tangu 1966, pale Victor Meyer alipoandika kutoka London kuhusu wagonjwa aliowatibu kwa kuwaacha wakutane na wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya vile vitendo vyao vya kujituliza. Inasikika kama ukatili. Kwa kufuli lako itakuwa hivi. Wiki hii, funga taratibu, ukitazama, bila simu mkononi, kisha litikise mara mbili. Wiki ijayo mara moja. Inayofuata, funga uondoke. Moyo utakapokwambia rudi, ipe hofu namba kutoka sifuri hadi kumi, useme moyoni "pengine nimefunga, pengine sikufunga, naenda nyumbani." Usijibishane nao. Hofu itapanda, itakaa, halafu itaanza kushuka yenyewe, kwa wengi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Siku za mwanzo utafika Ujiji ukiwa na saba na utapika ukiwa na tano. Sawa tu. Kinachofundisha akili ni ule mteremko ulioushuka bila kurudi.

Mtafute yule kijana wa bodaboda anayekubeba mara nyingi, mwambie mapema: "Nikisema geuza, usigeuze mpaka tufike." Atacheka, lakini atakusaidia kuliko mimi.

Wengine hushauri kupiga picha kufuli kwa simu. Sikatai kwamba inatuliza, ila nimeona watu wakimaliza na kufuli wakaanza na picha: wanaifungua mara kumi njiani, wanaikuza, wanajiuliza kama ni ya leo. Ni kufuli jingine, limehamia kwenye kioo. Vivyo hivyo kumwomba mumeo akapite kuangalia. Mwambie asicheke na asikuhakikishie. Ukimuuliza "unadhani nimefunga?", jibu lake liwe "sijui, njoo tule". Na mimi siwezi kukuahidi kwamba kufuli hilo halitavunjwa kamwe. Hakuna mwenye kibanda Mwanga aliye na ahadi hiyo, hata anayelala mlangoni.

Kuhusu mtu wa shangazi. Sikwambii uache dua wala kumwona shehe au padri wako, hayo yana faraja yake na hayapingani na ninayokueleza. Ninachokiogopa ni mganga atakayekutajia aliyekutupia. Utatoka kwake na adui jirani, na hirizi ya kukagua kila jioni pamoja na kufuli.

Kuna kiwango ambacho barua hazitoshi. Mambo haya yakianza kula zaidi ya saa moja kwa siku, au yakikufanya uchelewe kufungua, uache safari, uoshe mikono mpaka ngozi ichanike, uwafiche watu wa nyumbani, basi tunazungumzia ugonjwa wenye jina, ule wa fikra zinazong'ang'ania na vitendo vya kujirudia, kwa Kiingereza OCD. Katika maisha yao huwapata kati ya mtu mmoja na watatu katika kila 100, hivyo usidhani utakuwa wa kwanza kumweleza mhudumu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili. Nenda mapema zaidi kama ulianza baada ya kujifungua, kwa sababu kipindi hicho huyachochea sana, na nenda siku hiyohiyo ukiona maisha hayana thamani au ukifikiria kujidhuru. Ikibidi, zipo dawa kama fluoksetini. Si za kulewesha, na zinaweza kuchukua hadi wiki 12 kuonyesha nguvu yake yote, kwa hiyo anayeziacha wiki ya tatu akisema hazifanyi kazi amezidhulumu. Kwa ulivyoeleza, wewe hujafika hapo. Siku nne za kugeuza kati ya sita zinanifanya nikwambie usisubiri zifike sita. Ukijaribu hatua zangu kwa mwezi na idadi haishuki, nenda.

Na kile kitenge, kitoe kabatini leo ukianike. Kivae Jumanne au siku yoyote ya kawaida, usichague siku unayoiona ina bahati. Wateja watakuja, mmoja wao wa kwanza huenda akaja kutoa. Mhudumie.